Dar es Salaam hadi Nairobi: Kilomita 665 za Angani

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, mpaka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni mwendo wa kilomita 665 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa moja na dakika chache. Ratiba za mashirika huandika saa moja na robo hadi saa moja na nusu, kwa sababu huhesabu pia zile dakika ambazo ndege hujikokota ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Miji yote miwili hufuata majira ya Afrika Mashariki, hivyo msafiri hana haja ya kugusa saa yake ya mkononi.

Kilomita hizo hazijapata kuongezeka wala kupungua hata hatua moja tangu binadamu alipoanza kuruka. Hata hivyo, zimewahi kuchukua zaidi ya saa tatu, zimewahi kuchukua saa moja, na kwa muda wa karibu miaka saba hazikupitika kabisa. Kwa sababu hiyo, anayeulizwa umbali wa Nairobi na Dar es Salaam hana budi kwanza kuuliza: mwaka gani?

Katika ndege ya asubuhi, siku moja ya mwezi wa Julai, alikuwemo mama mmoja wa Ukonga mwenye umri wa miaka 70 na ushei, mjane wa askari. Kwa zaidi ya miaka arobaini amesikia mngurumo wa ndege juu ya paa la nyumba yake, kwani Ukonga na uwanja wa ndege ni majirani wa kupeana chumvi, na wanawe wote walijifunza kutofautisha ndege kwa sauti kabla ya kujua kusoma. Nairobi alikwisha kwenda mara tatu, lakini zote kwa basi. Safari hii magoti yalikataa basi. Mjukuu wake ndiye aliyemkatia tiketi, akamchagulia kiti cha dirishani upande wa kushoto, akamwambia, "Bibi, usibadilishane na mtu." Alikuwa anakwenda kumwona kaka yake, ambaye amekuwa mgonjwa na hawezi tena kusafiri.

Begani alikuwa na kikapu cha ukindu. Ndani yake mlikuwa na doti mbili za khanga, kashata zilizofungwa kwa karatasi, na picha ya kaburi la baba yao huko Korogwe, lililojengewa upya kwa saruji mwaka uliopita. Kikapu hicho kilikuwa cha busara kuliko mama mwenyewe alivyodhani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na wapo wasafiri ambao mpaka leo huumbuliwa mbele za watu kwa kuhamisha vitu vyao kutoka mfuko hadi mkononi.

SAA ZA ARDHINI

Safari za nchi za nje huanzia katika jengo la tatu la abiria, lililofunguliwa mwezi wa Agosti 2019. Ni jengo pana, lenye vioo na baridi ya mitambo, na mgeni anaweza kupotea ndani yake bila aibu. Abiria hutakiwa kufika saa mbili au tatu kabla ya ndege kuruka. Huyu mama alitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri na hakuchelewa. Lakini anayetoka Mbagala au Tegeta kwa wakati ambao watu wanakwenda kazini hana budi ajihesabie muda wa kutosha, kwani magari yanaweza kumla muda uleule ambao ndege itautumia kuvuka Mikoa ya Pwani, Tanga na Kilimanjaro na kuingia nchi ya pili.

Hapo ndipo hesabu ya saa moja inapoharibika. Ukijumlisha njia ya kwenda uwanjani, ukaguzi, uhamiaji, kungoja, kuruka, uhamiaji wa pili, mizigo, na njia ya kuingia mjini Nairobi, safari ya kutoka mlango hadi mlango aghalabu huchukua saa sita au saba. Ndege yenyewe ni sehemu ndogo kuliko zote. Pamoja na hayo, bado ni nafuu kubwa. Basi linalopitia Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Namanga husafiri takriban kilomita 900, na msafiri anayeondoka Dar es Salaam alfajiri hufika Nairobi usiku, miguu imevimba. Kwa upande mwingine, nauli ya ndege bado si ya kila mtu. Familia nyingi za watumishi huitafakari mara mbili, na aghalabu hutumiwa kwa ugonjwa, msiba au harusi. Ni jambo la kusikitisha kwa njia fupi kiasi hicho, maana njia fupi ndiyo ingepasa kuwa ya wengi.

Kadhalika, si kila ndege hukimbia sawasawa. Jeti hukata hewa kwa kasi ya kilomita 800 hivi kwa saa ikiwa juu. Ndege ya mapangaboi kama ATR 72 huenda kilomita 500 hivi, na hiyo huhitaji nusu saa zaidi. Wapo wanaoipenda kwa kuwa huruka chini kidogo na nchi huonekana vizuri zaidi. Nayo jeti yenyewe haikai kwenye kasi yake kamili kwa muda mrefu katika njia hii. Huchukua yapata dakika 20 kupanda, hutulia juu kwa muda ambao wahudumu hupata tabu kumaliza kugawa chai, kisha huanza kushuka.

JUU YA KOROGWE

Ndege ilipojitupa angani, bahari ilijitokeza upande wa kulia, na walioketi huko wakaanza kuoneshana Unguja. Upande wa kushoto paliachwa mapaa ya mabati, barabara ya Pugu ambayo sasa huitwa barabara ya Nyerere, na reli. Baada ya hapo ni vichaka vya Pwani na mto Wami unaojipinda kama kamba iliyotupwa.

Mtu akichukua ramani na kupiga mstari kwa rula kati ya viwanja hivi viwili, ataona kwamba mstari unapita karibu kabisa na mji wa Korogwe, kilomita 200 na kidogo kutoka Dar es Salaam. Ni mwendo wa dakika 20 tu tangu kuruka. Mama wa Ukonga hakuwa na ramani, lakini alizaliwa Korogwe, na alipoona mistari iliyonyooka ya mashamba ya katani na mto Pangani umeng'aa, alijua. Alishika kioo kwa mkono. Huko chini ndiko alikozikwa baba yake mwaka 1980, na huko ndiko kaka yake hakuweza kufika kuzika.

Habari hiyo haieleweki bila kurudi nyuma.

Usafiri wa ndege katika njia hii ni wa zamani kuliko uhuru. Mwaka 1929 lilianzishwa Nairobi shirika la Wilson Airways, ambalo jina lake limebaki katika uwanja mdogo wa Wilson mjini humo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1946, likaanza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways. Lilianza na ndege sita za aina ya Dragon Rapide, ndege za injini mbili zenye mabawa mawili-mawili, zilizoundwa kwa mbao na kufunikwa kitambaa. Zilibeba abiria wasiozidi wanane, na kasi yao ilikuwa kilomita 210 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 665 ni zaidi ya saa tatu, bila kuhesabu kutua njiani. Baadaye zikaja Dakota, zikaja Fokker Friendship, ikaja Comet ya jeti mwaka 1960, na Super VC10 mwaka 1966 kwa safari za mbali. Ndege aina ya DC-9 zilipoletwa kwa safari za karibu, safari ya Nairobi na Dar es Salaam ikawa sawa na ilivyo leo. Kwa ufundi wa ndege, hapajapatikana maendeleo ya kutisha katika njia hii kwa miaka hamsini. Aliyesafiri mwaka 1975 alifika kwa muda uleule anaofika wa sasa.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967 uliligawia kila taifa makao ya mashirika ya pamoja. Bandari zilikaa Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, Reli na Ndege Nairobi. Makao makuu ya Jumuiya yenyewe yakawa Arusha. Hivyo vijana wa Kitanzania na Kiganda waliojifunza ufundi wa ndege waliajiriwa Embakasi, wakapanga nyumba huko, na wengine wakaoa huko. Kaka wa huyu mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa injini, akaoa binti wa Machakos. Likizo ilipofika, alipanda ndege kwa upendeleo wa mfanyakazi mpaka Dar es Salaam, kisha basi mpaka Korogwe, akiwa amebeba redio na blanketi za Nairobi kwa wazazi.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Mwezi wa Januari 1977 ndege za Shirika la Afrika Mashariki ziliacha kuruka. Nchi wanachama zilikuwa zimeshindwana kuhusu madeni, michango na nani amfaidishe nani. Kenya ikaunda Kenya Airways mwezi huo huo, nayo ikaanza safari mwanzoni mwa Februari. Wakati huo huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari na ndege ndogo zilizokuwa upande usio wake zikazuiliwa, na watalii wakajikuta hawana pa kwenda. Mwezi wa Machi ikazaliwa Air Tanzania. Jumuiya ikafa mwaka huo huo.

Nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo ni jambo ambalo wazee wa pande zote mbili wangali wakibishana. Kila upande ulikuwa na hoja zake, na si zote zilikuwa za upuuzi. Lakini mlango ulipofungwa, ndugu wa damu hawakuulizwa hoja zao. Namanga palikuwa na kizuizi, Holili kizuizi, Horohoro kizuizi. Ndege za moja kwa moja hazikuwapo. Mtu aliyekuwa na fedha na sababu kubwa alilazimika kuzungukia nchi ya tatu. Kwa kipimo cha ramani, kutoka Dar es Salaam kwenda Lusaka na kutoka Lusaka kwenda Nairobi ni kilomita 3,300, yaani mara tano ya njia ya kawaida. Kuzungukia Addis Ababa ni kilomita 2,900. Fundi wa injini hana fedha za namna hiyo.

Wapo waliopita njia za panya, hasa maeneo ya Taveta na Holili ambako jamaa za ukoo mmoja hukaa pande zote mbili. Kaka yule hakuthubutu. Alikwisha pata kazi upya Nairobi, ana mke na watoto wawili, na aliogopa kukamatwa upande wowote kati ya hizo mbili. Dada yake naye alikuwa na yake. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na mumewe akaondoka na kikosi chake. Alibaki na watoto kambini, akisikiliza redio mpaka Kampala ilipoangushwa mwezi wa Aprili 1979. Mume alirudi salama. Mwaka uliofuata baba yao akafariki. Habari ya msiba ilimfikia yule kaka kwa mdomo wa msafiri, arobaini ikiwa imekwisha pita.

Hakuna aliyemlaumu, na pengine hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kazi ya kugawa mali na madeni ya Jumuiya alipewa mpatanishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, na ilimchukua miaka. Hatimaye, mwezi wa Novemba 1983, Rais Nyerere, Rais Moi na Rais Obote walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wa mgawanyo ulitiwa sahihi hapo hapo Arusha mwezi wa Mei 1984. Kenya ilipata asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Wanaopenda hesabu wanaweza kutafakari ni asilimia ngapi ya mazishi, harusi na watoto wachanga wasioonwa iliyoingizwa katika mgawanyo huo.

Yule kaka alikwenda Korogwe mwaka 1984 kwa basi, kupitia Namanga. Alikaa kaburini asubuhi nzima.

MLIMA UPANDE WA KUSHOTO

Ndege ilikwisha pita milima ya Upare na Hifadhi ya Mkomazi wakati chai ilipoletwa. Mpaka wa nchi mbili huvukwa karibu na Taveta, kwenye dakika ya 35 hivi, na hakuna kinachoonekana. Hakuna mstari, hakuna uzio, hakuna rangi ya udongo inayobadilika. Rubani hakutangaza. Abiria mmoja kijana alikuwa amelala mdomo wazi tangu Bagamoyo.

Kilichotangazwa ni Kilimanjaro. Kwa mstari ulionyooka Kibo huwa kilomita 30 hivi magharibi ya njia, na kwa kuwa kilele chake kina mita 5,895, ndege haiko juu yake sana. Mwezi wa Julai mawingu hutanda chini kama pamba iliyochambuliwa, na mlima hujitokeza peke yake, wenye theluji upande mmoja na jiwe jeusi upande wa pili. Abiria wa upande wa kulia walisimama na kuinama juu ya vichwa vya wenzao wakiwa na simu za kupigia picha. Mama wa Ukonga hakuwazuia, ila hakuhama. Theluji hiyo imepungua mno kuliko ilivyokuwa wakati wa ujana wake, na wataalamu wamelisema hilo kwa vipimo. Lakini kwa mtu anayeiona kwa mara ya kwanza kutoka juu, iliyobaki inatosha.

Baada ya mlima, nchi hukauka. Amboseli huachwa kushoto, vilima vya Chyulu kulia, kisha nyanda za Kajiado na Athi. Ndege huanza kushuka, lakini haishuki sana kama inavyoshuka ikija Dar es Salaam. Uwanja wa Dar es Salaam uko mita 55 tu juu ya usawa wa bahari, na ule wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600. Kwa maneno mengine, abiria anayekwenda Nairobi hupanda kilomita moja na nusu ambayo hatairudisha. Hewa ya huko ni nyepesi. Ndege iliyojaa mizigo huhitaji kukimbia mbali zaidi ndipo mabawa yapate nguvu ya kuinyanyua, na ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu unaozidi kilomita nne, hali ile kubwa ya Dar es Salaam ni kilomita tatu. Kifua cha mgeni nacho huitambua hewa hiyo anapopanda ngazi na mzigo.

Mtu asidhani kwamba baada ya mwaka 1984 njia hii haikutikisika tena. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya ilipofungua anga lake tarehe 1 Agosti haikuitaja Tanzania miongoni mwa nchi ambazo wasafiri wake wangeruhusiwa kuingia. Siku iyo hiyo Tanzania ikaizuia Kenya Airways, na baadaye mashirika mengine matatu ya Kenya. Zuio likaondolewa katikati ya Septemba. Mwezi wa Januari 2024 likazuka jingine, safari hii kuhusu mizigo. Air Tanzania ilikuwa imenunua ndege ya mizigo, ikaomba ruhusa ya kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi nyingine, ikanyimwa. Tanzania ikatangaza kwamba safari za abiria za Kenya Airways baina ya Nairobi na Dar es Salaam zingesimama kuanzia tarehe 22. Hazikusimama. Siku moja tu baada ya tangazo, viongozi wa pande mbili walizungumza na jambo likamalizwa.

Ukilinganisha na miaka ile saba, hii ni nafuu isiyo ndogo. Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1999 na kuanza kufanya kazi mwaka 2000, sasa ina nchi nane, na ina meza ambayo watu wanaweza kuketi kabla hasira haijafika mpakani. Pale Namanga, tangu mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja na msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili. Hata majeshi ya nchi wanachama hufanya mazoezi ya pamoja, jambo ambalo mwaka 1978 lingechekwa. Lakini mwenye ndugu upande wa pili bado husoma habari za anga kwa jicho la wasiwasi. Mama huyu alimpigia simu mjukuu wake siku ile ya Januari 2024 akauliza neno moja tu: "Wamefunga?"

EMBAKASI

Wazee wa Nairobi wangali wakiuita uwanja huo Embakasi. Ulifunguliwa mwaka 1958, na waliochimba na kusawazisha ardhi yake walikuwa pamoja na watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 1978, na baada ya kifo cha Mzee Kenyatta mwezi wa Agosti mwaka huo, uwanja ukapewa jina lake. Mwezi wa Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa kupokelea wageni wa nchi za nje. Anayefika leo haoni alama ya moto huo, ila kwamba majengo yamepangwa kwa viraka, kipya kikiungana na cha zamani.

Ndege ilipenya wingu la kijivu na kutua. Nje palikuwa na baridi ya Julai, ile ambayo mtu wa pwani huidharau akiwa nyumbani. Mama alijifunga khanga ya pili mabegani. Ofisa wa uhamiaji, kijana mwembamba, aliitazama pasi yake, akamsalimu kwa Kiswahili cha huko, akamuuliza anakwenda kwa nani.

"Kwa kaka yangu. Alikuwa fundi hapa hapa."

Kijana akagonga muhuri.

Kaka mwenyewe alikuwa amekuja, ingawa aliambiwa asije. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, amevaa koti zito na kofia ya sufi, mwanawe wa kwanza amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Wajukuu zako wote wanakusalimu."

"Mmekaa hewani muda gani?"

"Saa moja na dakika nane, ndivyo rubani alivyosema."

"Basi mlikuwa na upepo mzuri," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeufahamu upepo wa njia hiyo kwa miaka mingi. Kisha akauliza kama Korogwe palionekana, au palikuwa na mawingu. Akaambiwa palionekana, mashamba na mto. Akapewa picha ya kaburi. Aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha ndani ya bahasha na kuitia mfuko wa ndani wa koti, akalifunga koti.

Wakatoka nje. Zamani kutoka uwanjani mpaka katikati ya mji, umbali usiozidi kilomita 20, msafiri aliweza kukaa barabara ya Mombasa saa nzima na zaidi bila kusogea. Tangu mwaka 2022 pana barabara ya kulipia, sehemu yake ikiwa imejengwa juu ya nguzo, inayokwenda mpaka Westlands, na mwenye haraka hulipa na kupita. Mpwa wake aliipanda. Njiani yule kaka alimwomba dada yake amwoneshe tiketi ya kurudia, akaivalia miwani na kuisoma, tarehe, saa na namba ya kiti. Namba ile hakuipenda. Alimwagiza mwanawe apige simu ibadilishwe, kwani wakati wa kurudi mlima na Korogwe vitakuwa upande wa kulia.